Kazi 782,300 Zimepatikana. Yangu Iko Wapi?

Mei 2025, saa moja jioni. Tuko sebuleni, mama anachambua sukuma, taarifa ya habari inaendelea. Mtangazaji akasema shirika la takwimu la taifa, KNBS, limetoa ripoti ya uchumi, na kwamba mwaka wa 2024 Kenya ilipata kazi mpya 782,300.

Mama akaacha kuchambua. Akaniangalia.

"Laki saba na themanini. Na hata moja haikukufikia?"

Manze, sikuwa na jibu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda. Tangu hapo nakula kwa video, kupiga picha kwa sherehe za watu, na kutengenezea biashara ndogo ndogo matangazo. Nimezoea kuulizwa nitatafuta kazi lini. Lakini kuulizwa na namba mkononi, hiyo ilikuwa mpya.

Usiku huo nikaamua kutafuta hizo kazi ziko wapi. Nikapata kwamba kati ya zile 782,300, kazi 703,700 ziko kwenye sekta isiyo rasmi. Jua kali. Yaani tisa kati ya kila kumi. Zile rasmi, za kuajiriwa na kuandikiwa barua, zilibaki 78,600 nchi nzima.

Nikarudi nyuma mwaka mmoja mmoja. Ukitoa jua kali kwenye jumla ya kazi mpya, unabaki na hivi:

2021: 172,300.
2022: 113,700.
2023: 127,300.
2024: 78,600.

Sawa, 2021 tulikuwa tunatoka kwa corona, watu wanarudishwa makazini, so lazima ingekuwa juu. Lakini angalia hiyo ya mwisho. Kila mwaka wanafunzi wanamaliza kidato cha nne kwa malaki, vyuo vinatoa watu na magauni yao, halafu mlango wanaoelekezewa ndio huo wa 78,600. Na kwa habari hukusikia hiyo namba ikitangulia. Ulisikia ile kubwa.

Sasa najua kuna mtu ataniambia "kazi ni kazi". Na ni kweli. Mimi nimelelewa na mitumba. Mama amefungua kibanda chake saa kumi na mbili asubuhi tangu niko darasa la kwanza. Siwezi kumwangalia usoni nimwambie hiyo si kazi. Hiyo ni kazi kushinda ya mabosi wengi.

Shida yangu ni tunapochanganya vitu viwili kwa gunia moja kisha tunapiga makofi.

Wacha nikupe mfano. Kuna wakati nilienda duka moja mjini kuchukua kamera kwa malipo ya pole pole. Dada wa pale alikuwa mpole kabisa. Akaniomba slipu za mshahara za miezi mitatu. Nikamwambia sina, lakini nikamfungulia rekodi zangu za M-Pesa, mwaka mzima, pesa inaingia. Akapitia, akapitia, halafu akaniambia, "Hii ni pesa, lakini si mshahara."

Nikatoka bila kamera.

Hapo ndipo nilielewa slipu si karatasi tu. Mtu wa slipu, sheria inampa likizo ya siku 21 kwa mwaka na bado analipwa. Mama akijifungua ana miezi mitatu na mshahara wake. Mwajiri anamwongezea pesa ya NSSF. Mama yangu alipougua wiki mbili, kibanda kilifungwa wiki mbili, na hizo wiki mbili tulikula deni la duka. Hakuna mtu wa kumlipa siku ya ugonjwa. Lakini kwa ile hesabu ya taifa, yeye na karani wa benki wote ni "ameajiriwa".

Na usifikirie naringia watu wa slipu. Kuna mwezi mimi hupata kushinda rafiki yangu karani. Kuna mwezi mwingine naomba mwenye nyumba anipe wiki moja. Ile tofauti yetu haiko kwa kiasi. Ni kwamba yeye tarehe thelathini anajua, mimi nabahatisha.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba serikali inanijua vizuri sana. Tangu Julai 2023 kuna kodi ya 5% kwa pesa ya maudhui ya mtandaoni. Kwanza walikuwa wametaka 15%, watu wakapiga kelele ikashuka. So kampuni ikinilipa tangazo, inakata kabla hata sijaiona. Wakati wa kukata niko rasmi. Wakati wa kuchukua kamera mimi ni jua kali.

Nikampigia binamu yangu aliye Dallas, jimbo la Texas, kumuuliza kwao wanahesabu aje. Yeye mchana yuko kwenye ghala, wikendi anabeba abiria kwa gari lake. Tukaangalia pamoja. Marekani wana hesabu ya kila mwezi, jimbo kwa jimbo, ya kazi za mshahara peke yake. Wanauliza waajiri: kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi, ulilipa watu wangapi? Ile kazi ya ghala iko ndani. Ile ya gari haimo, kwa sababu hapo amejiajiri. Waliojiajiri wanatafutwa kwa hesabu nyingine, ya kuuliza nyumba kwa nyumba. Kwa hivyo mtu wa Texas anaweza kusema mwaka huu jimbo letu limeongeza mishahara kiasi hiki, jirani amepoteza, na kila mtu anajua kinachozungumziwa ni mshahara.

Si eti hesabu yao haikosei. Agosti 2024 walitoa marekebisho ya kwanza yakionyesha kazi za mwaka hadi Machi zilikuwa zimezidishwa kwa 818,000. Wao pia hukosea. Lakini angalau unajua wamekosea kuhesabu nini.

Mimi nataka tu kitu kama hicho. Mei ikifika, mtangazaji aanze na kazi ngapi zina mshahara wa uhakika, kisha jua kali kivyake, kwa heshima zake. Na tupewe kaunti kwa kaunti. Tuko na kaunti 47. Namba moja ya nchi nzima haimwambii kijana wa Kakamega kama apande basi la Nairobi au akae.

Kwa sababu ile namba kubwa ikitajwa peke yake, inafanya kazi mbaya ndani ya nyumba zetu. Inamfanya mzazi aangalie mtoto wake na kufikiria ni uvivu.

Kesho yake asubuhi nilimweleza mama yote, tukinywa chai. Nikamwambia, mama, hata wewe uko kwa hiyo ripoti. Watu wa jua kali ni milioni 17.4, na wewe ni mmoja wao.

Akafikiria.

"Kwa hiyo mimi nimehesabiwa?"

"Umehesabiwa."

"Na wewe?"

Nikamwambia nadhani nimo pia, kwa gunia lile lile.

Akamalizia chai, akachukua mkoba wake wa kibandani. Mlangoni akageuka.

"Basi tukiwa wote tuna kazi, mbona tunadaiwa na duka?"

Bado sijampa jibu. Kama unalo, niambie.