Njia ya Ng'ombe

Kutoka Shelui kwenda upande wa Tulya, kwenye Ziwa Kitangiri, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya gari. Unashika lami kuelekea Singida, unapanda mlima Sekenke, unafika Misigiri, unakunja kwenda Kiomboi, kisha unaanza kuteremka tena kuelekea ziwani. Ya pili haina kibao. Ni njia ya ng'ombe, inapita chini bondeni, na anayeijua ni yule aliyewahi kuswaga mifugo humo. Kwa miaka mingi sisi wanakwaya tulitumia ile ya kwanza. Sasa tunatumia ya pili, na tumeombwa kueleza kwa nini, maana wapo washarika wenzetu ambao mpaka leo hawajaridhika na sababu zetu.

Safari yenyewe wengi wenu mnaijua. Kila mwezi wa nane, mavuno yakiwa ghalani na mbuga imekauka, tunakwenda kuimba kwenye mtaa mdogo kando ya ziwa. Mchungaji anafika kule mara chache kwa mwaka. Mwinjilisti wao ni mzee, na kwaya yao ni kina mama watano na ngoma moja. Tunakwenda kwa baiskeli kwa sababu nauli ya watu kumi na wawili pamoja na mizigo ni sadaka ya miezi kadhaa. Kila mmoja anabeba chake kwenye keria: dumu la maji, unga, michembe, kitabu cha nyimbo kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Pampu tunazo mbili, gundi na viraka vya kutosha, na spana moja ambayo hupotea kila mwaka na kila mwaka huonekana kwenye mfuko wa mtu yuleyule.

Mwaka ule tulikuwa tunarudi. Jua lilikuwa limezama na tulikuwa tunashuka Sekenke. Barabara hiyo, tangu iwekwe lami, ni ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na mabasi ya Mwanza, na sisi tulikuwa ukingoni kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, kama tulivyozoea. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa wa mwisho. Yeye alipenda kuwa wa mwisho ili asimwache mtu. Tulisikia breki, ndefu sana, halafu hatukusikia kitu.

Dereva alisimama. Tunaliandika hili kwa sababu kuna maneno mengi yalisemwa baadaye. Alisimama, akashuka, akakaa nasi chini kwenye kokoto mpaka watu walipofika, na alilia kuliko sisi. Sisi kulia kulikuja baadaye.

Msibani tulisema yale tunayoyasema. Mungu yupo, Mama Mwalimu. Mungu anajua. Tulimwambia hivyo siku ya maziko, tukamwambia siku ya tatu, tukamwambia kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, mwaka mzima.

Mwezi wa nane ulipokaribia tena, tukaitwa kwenye kikao. Wengine walitaka safari ife. Wengine walisema twende kwa njia ileile, kwa kuwa kubadilisha njia ni kumpa Shetani ushindi. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwa kawaida husinzia vikao vikiwa virefu, akasema kuna njia ya bondeni, ya ng'ombe, yeye aliipita akiwa kijana na haoni kwa nini isiwepo bado. Tukakubaliana. Ndipo mshirika mmoja akasimama, tena mtu tunayemheshimu, akasema, "Kwa hiyo mnakimbia malori, kana kwamba Mungu haoni barabarani?" Hakuna aliyemjibu. Kusema kweli, hatukuwa na jibu. Tulikuwa tunaogopa, basi.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, watu tisa safari hii. Mama Mwalimu alikuja. Hatukumwalika, kwa aibu tu. Alifika uwanja wa kanisa na baiskeli ya marehemu, Phoenix nyeusi, gurudumu la nyuma jipya na madigadi yamenyooshwa kwa nyundo. Mzee alimwambia, "Mwanangu, ni mbali." Akajibu, "Naijua baiskeli hii kuliko ninyi, mimi ndiye niliyekuwa naiosha."

Njia inaacha mji upande wa machimbo. Mpaka pale kuna pikipiki na kelele za makarasha ya kusaga mawe, na vijana wanaotoka shimoni weupe kwa vumbi. Dhahabu ya Sekenke si ya jana. Wajerumani waliichimba kabla ya vita ya kwanza ya dunia, na mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wamewazibia bahari, walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 pale Tabora, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka hapa. Baba yake mzee wetu alifanya kazi mgodini wakati wa Mwingereza. Mzee anasema baba yake alishika mawe ya dhahabu ujana wake wote, na siku alipokufa kitu cha thamani ndani ya nyumba kilikuwa jembe.

Baada ya machimbo gari zinakwisha. Hatujui namna ya kulieleza hili kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha kando ya lori. Kwanza ni masikio. Kwenye lami unaendesha na masikio yako yako nyuma muda wote, mwili mzima unasubiri kitu kisichoonekana. Bondeni, baada ya kama saa moja, masikio yanarudi mbele. Unasikia mnyororo wako mwenyewe. Unasikia njiwa. Unasikia kwamba keria ya mwenzako imelegea, na unamwambia.

Na njia, ingawa ni ya ng'ombe, ni pana. Ng'ombe hawatembei mmojammoja. Wamekanyaga mapito manne, matano, yanayokwenda sambamba, na ardhi ya mbuga ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu. Kwa hiyo tuliendesha bega kwa bega. Miaka yote ile ya lami tulikuwa tunaonana migongo.

Hili ndilo bonde la Wembere. Mvua ikinyesha ni bahari ya matope meusi, tope linalojaza madigadi mpaka gurudumu linagoma, ukalibeba wewe badala ya lenyewe kukubeba. Kiangazi ni nyasi, migunga, na anga. Mwanzoni mwa mwaka 1875 msafara wa Stanley ulilikatiza kwenda Ziwa Victoria, watu na mizigo yao kichwani, baada ya kupigana na kuzikana huko Uturu. Wajerumani nao walipanga kuleta maji ya Victoria walime pamba humu. Mpango ukaishia kwenye makaratasi, na ng'ombe wakabaki na mbuga yao. Mto wenyewe una tabia yake. Unaingiza maji Kitangiri, Kitangiri inayatoa kwa mto Sibiti, Sibiti unayapeleka Ziwa Eyasi, na pale yanakaushwa na jua, yanaacha chumvi. Maji ya kwetu hayaoni bahari.

Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyetutembelea alituambia kwamba Ufaransa wana njia ya baiskeli kando ya mto Loire, kama kilomita 900, inayopita karibu na kasri za wafalme wao mpaka baharini, na watu huja kutoka nchi nyingi kuendesha tu, bila kupeleka chochote popote. Tulicheka siku ile. Bondeni, mtu mmoja akakumbuka habari hiyo akasema labda hao watu si wajinga.

Miiba ya migunga ilituchelewesha, pancha saba kabla ya adhuhuri, kwa hiyo jioni tulikuwa bado mbali na ziwa. Tuliona moshi, tukaenda. Ilikuwa boma la mfugaji, mzee mwenye fimbo na redio ndogo. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatutazama na mizigo yetu. "Mnauza nini?" akauliza. Tukamwambia hatuuzi, tunakwenda kuimba kanisani. Akatazama baiskeli zote tisa moja baada ya nyingine. "Mmetoka Shelui, kwa njia hii, kwenda kuimba?" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaamuru tuletewe maziwa.

Usiku ule, tukiwa tumekaa chini ya mbuyu nje ya boma, Mama Mwalimu ndiye aliyeanza kuzungumza. Labda ni kwa sababu kutwa nzima alikuwa ameendesha katikati yetu na si nyuma yetu.

Alisema, "Asubuhi ile ya kuja kwenu nilimwambia, safari hii mkirudi, usirudi kwa baiskeli. Jua litakuchweeni mlimani. Panda gari. Akaniambia, Mungu yupo. Basi. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake." Akanyamaza. "Sasa ninyi mnaniambia Mungu yupo. Kila Jumapili. Mtu akiniambia Mungu yupo, mimi nasikia breki."

Hakuna aliyepumua. Tulihesabu kimyakimya ni mara ngapi tumemwambia neno lile, kila mtu na hesabu yake, na kila mtu alikuwa na nyingi.

Mzee hakuomba, ingawa tulidhani angeomba. Alitoa Biblia, akaomba mtu mwenye macho mazuri amulike na simu amsomee Kutoka, sura ya 13, pale Waisraeli wanapoondoka Misri. Mnajua habari yenyewe. Njia ya karibu ilikuwa ile ya nchi ya Wafilisti, lakini Mungu hakuwapitisha huko ijapokuwa ilikuwa karibu, kwa sababu wakiona vita wangejuta na kurudi Misri. Akawazungusha kwa njia ya jangwa. Tumeisikia mara nyingi, na kila mara mahubiri hukimbilia bahari ilipopasuka. Hatukumbuki mahubiri yoyote yaliyosimama kwenye mstari huu.

Mama Mwalimu akauliza, "Kwa hiyo alijua kwamba wanaogopa?"

"Alijua," akasema mzee.

"Na hakuwagombeza?"

"Pale hakuwagombeza. Aliwatafutia njia nyingine."

Alikaa muda. Halafu akasema jambo ambalo hatukulitarajia: "Basi na mimi nilipomwambia apande gari, sikuwa nimekosa imani." Ndipo tukaelewa alichokuwa amekibeba mwaka mzima. Si hasira tu. Alikuwa anajiuliza kama hofu yake ndiyo iliyomuua mumewe, kama angeamini vizuri zaidi asubuhi ile, labda. Na sisi, kwa yale maneno yetu ya mlangoni, tulikuwa tunamwongezea mawe kwenye keria.

Mmoja wetu alimwomba msamaha. Wengine tukafuata, ovyoovyo, bila utaratibu, huku mbwa wa boma akibweka. Alisema yeye amechoka, tulale.

Ziwani tulifika kesho yake saa nne. Tutaeleza kwa ufupi, maana ibada ilikuwa ibada. Mwari walikuwa juu ya maji, mitumbwi imepandishwa ufukweni, na wale kina mama watano walikuwa wameongezeka wakawa wanane. Tuliimba vibaya, mwalimu hatuna. Tulikula ugali na sato. Mwinjilisti wao alituuliza tumepitaje, tukamwonyesha kwa kidole, akasema mama yake alikuwa akipita huko kwa miguu kupeleka samaki waliokaushwa.

Kwa yule mshirika aliyetuuliza swali kikaoni: hatusemi kwamba Mungu haoni barabarani. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa imani, na alikufa barabarani akiwa anaonwa. Wala hatusemi anayepita lami hana busara. Wengi wenu hamna njia nyingine. Tunasema kwamba tuliogopa, na kwamba tumeacha kulionea aibu neno hilo. Swali lako lilikuwa zuri. Tungependa uje nasi mwaka huu, baiskeli ya kuazima ipo.

Tulirudi kwa njia ileile ya bondeni. Jambo moja hatukuwa tumelifikiria: mapito ya ng'ombe yanaishia Shelui ng'ambo ya lami, na makanisa na nyumba zetu ziko upande wa pili. Tulifika pale jioni, saa zilezile. Tukashuka wote, tukasimama kwenye vumbi tumeshika usukani. Likapita lori, likapita jingine, basi, malori matatu yamefuatana. Hakuna aliyesema tuvuke. Tulimtazama Mama Mwalimu, yeye alikuwa anatazama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, kama watoto wanavyofundishwa shuleni.

"Bado," akasema.

Tukasubiri.