Shamba la Kulungu

Kwetu Kongo ni nani asiyepata kulinda shamba utotoni? Ngedere aja kuiba mahindi, nguruwe wa pori afukua mihogo, nasi twapiga debe na kupaza sauti mpaka koo likauke. Basi mtacheka mkisikia kwamba huku Marekani, katika jimbo la Iowa, sisi jamaa tatu za Wakongomani twapanda shamba kusudi mnyama aje kulila.

Mnyama huyo aitwa kulungu wa mkia mweupe. Afanana na mbawala wa kwetu, ila ni mkubwa zaidi, na pembe za dume zina matawi. Pembe hizo huanguka kila mwaka, kisha huota upya. Akishtuka huinua mkia, na weupe wa chini yake huonekana toka mbali kama kitambaa. Zamani watu waliwinda bila kiasi, hata wakakaribia kuwamaliza. Mwaka 1898 sheria ya Iowa ilikataza kuwawinda, na ruhusa haikurudi mpaka 1953. Leo ni wengi.

Mbona kuwapandia, hali Iowa imejaa mahindi na soya? Sababu ni majira. Mwezi wa tisa na wa kumi mashine kubwa huvuna yote, na nchi hubaki tupu. Kisha yaja baridi, majani hufa, theluji hufunika. Wakati huo shamba dogo lenye majani mabichi ni kama kisima wakati wa kiangazi.

Mzee mmoja mwenye ardhi, ambaye miguu yake haimtii tena, alitupa pembe ya shamba lake kando ya mwitu, kadiri ya nusu eka. Trakta hatuna, lakini mchagua jembe si mkulima. Kwanza tulipeleka udongo kupimwa. Tukaambiwa ni mchachu, tukamwaga chokaa. Mwanzo wa mwezi wa nane tukapanda tanipu, mboga ya jamii ya kabichi yenye mzizi wa mviringo. Mbegu zake ni ndogo kama za haradali: kilo moja yatosha, wala hazifukiwi zaidi ya sentimeta moja. Zahitaji kama miezi miwili kabla ya baridi kali. Mwezi wa tisa, palipobaki wazi tukamwaga rai, nafaka ya jamii ya ngano, ambayo huota hata baridi ikikaribia kugandisha maji.

Majuma mengi kulungu walipita kando ya tanipu bila kuzijali. Kisha usiku mmoja wa mwezi wa kumi umande uliganda mweupe juu ya majani. Mmea huo ukipatwa na baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, usije ukaganda. Juma lile lile wakaja saba.

Hapo watoto wakatuuliza: “Mwawalisha ili mwaue? Si hila hiyo?” Tulikaa jioni nzima na neno hilo.

Tuliwaeleza sheria kwanza. Katika Iowa ni marufuku kumwaga mahindi au chumvi chini ili kumvuta kulungu na kumwinda hapo. Shamba lililolimwa halikatazwi. Tena kuna maana. Penye rundo la mahindi wanyama hugusana pua, na kuna ugonjwa wa ubongo uwauao, usio na dawa, ulioonekana kwa kulungu wa pori wa Iowa tangu 2013. Vilevile nafaka nyingi kwa ghafula yaweza kuharibu tumbo lake hata afe. Shambani hutawanyika, nao hula majani kidogo kidogo.

Lakini watoto hawakuuliza habari za sheria. Mama mmoja akasema: “Hata kuku twamlisha. Hila ni kuonyesha chakula kisichokuwapo. Chakula hiki kipo, nao watakila mpaka theluji iyeyuke.” Mwenzake hakukubali: “Kuku ni wetu. Huyu ni mgeni, na mgeni hauawi mezani.”

Neno hilo lilitushika. Tukapatana hivi: hakuna risasi ndani ya shamba, tutangoja mbali, penye njia zao za mwituni, kila jamaa isizidishe kulungu mmoja, na wa kwanza hatamla yeyote kati yetu.

Mwezi wa kumi na mbili, tukiwa na vibali na nguo za rangi ya machungwa kama sheria itakavyo, tulipata wawili tu. Wa kwanza tulimpeleka kwa mchinjaji wa mpango uitwao HUSH, ulioanza Iowa mwaka 2003: nyama ya kulungu waliotolewa na wawindaji husagwa na kugawiwa wenye njaa. Tulipofika nchi hii, majira yetu ya kwanza ya baridi tulikula chakula cha kugawiwa namna hiyo. Hatukujua nani alikitoa, naye hakutujua. Wa pili tuligawana sehemu tatu, kama wafanyavyo wawindaji kwetu.

Toka siku ile bunduki zimewekwa. Kulungu wachimbua mizizi ya tanipu kwa kwato chini ya theluji, na watoto huhesabu nyayo zao asubuhi. Yule mama bado asema hapendi kazi hii. Hata hivyo ndiye aliyetunza mbegu za mwaka ujao. Twaona ni vizuri awepo mtu kama yeye kati yetu. Mwenye kula nyama na ajue imetoka wapi, na mkono wake uwe mzito kidogo kabla ya kuichukua.