Kokwa Sita za Ukwaju

Imekuwa ada ya watu kusema: huyu ni mtoto wa kusikia, yule ni wa kuona, na yule ni wa kushika kwa mikono, kila mmoja na asomeshwe kwa njia yake. Nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka mwanafunzi wetu mmoja alipotufunza.

Tulikuwa tukisomesha mirathi. Tukatoa mfano wa mwanamke aliyefariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, wala hana mrithi mwingine. Waliohifadhi wakajibu mara moja: mume nusu, madada thuluthi mbili. Tukawasifu. Lakini kijana mmoja, mzito wa kuhifadhi, ambaye tulikwisha kumkatia tamaa, alikuwa amepanga mkekani kokwa sita za ukwaju, kwa kuwa sita hugawika kwa mbili na kwa tatu. Akasema: "Maalim, mume achukua tatu, madada wachukua nne. Kokwa hazitoshi."

Tukadhani anakibishia Kitabu, tukamtoa nje.

Usiku, tulipoihesabu wenyewe, usingizi uliruka. Mtoto hakubisha; alikuwa amefika peke yake kwenye mlango wa aul, uliofunguliwa zama za Sayyidna Umar: mafungu yakizidi mali, mali hugawanywa kwa saba badala ya sita, mume akapata tatu na madada nne, kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Asubuhi tulimwomba radhi mbele ya wenziwe.

Kisha tukawapa kokwa wale waliohifadhi. Nao wakaanza kuuliza: "Kwa nini?" Kumbe kokwa hazikuwa dawa ya mtoto mmoja, zilikuwa haki ya somo lenyewe. Naye kijana asingehesabu lolote lau asingeyasikia mafungu kwa wenziwe. Wataalamu wa Marekani waliolichungua jambo hili mwaka 2008 nao hawakuona ushahidi wa kutosha wa kumfungia kila mtoto katika njia moja. Na Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha al-jabr cha karne ya 9, aliweka sehemu kubwa ya hesabu za wasia na mirathi: hifadhi na fikira zilikaa mkeka mmoja.

Basi, enyi wazazi na walimu, mtoto akisema hesabu haitoshi, msimtoe nje. Hesabuni naye. Huenda siku moja haki ya yatima ikasimama juu ya swali lake. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu. Amin.