Macho ya Mama na fonti za Linux

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina kisa cha fonti, na aibu ni yangu.

Mama ni mweka hazina wa chama chao. Nilimwekea Linux kwenye laptopu kuukuu yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, nikachagua Openbox kwa kuwa ni nyepesi. Baada ya wiki chache akaanza kulalamika kwamba herufi "zinacheza". Nikamjibu kitaalamu: "Mama, hayo ni macho. Nenda upimwe." Akaenda, akalipa, akapewa miwani. Herufi zikaendelea kucheza.

Mwezi uliopita, mbele ya mkutano, akasoma 8,300 kama 3,300. Mwenye pesa akasimama na kuuliza elfu tano zake ziko wapi. Mama ameshika pesa za wenzake miaka 11 bila kuulizwa swali kama hilo. Jioni akanipigia simu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nafikiri kazi hii niwaachie vijana."

Jumamosi nikapanda matatu hadi nyumbani. Nikaandika amri hii:

fc-match -v Arial | grep rgba

Jibu likawa 2. Nikaishiwa maneno.

Kila pikseli ya skrini kama ile ina vipande vitatu: chekundu, kijani na buluu. FreeType huvitumia kulainisha kingo za herufi, lakini lazima iambiwe mpangilio wao. Kwa fontconfig, 1 ni rgb na 2 ni bgr. Skrini ya Mama ni rgb. Mimi, kwa uvivu, nilikuwa nimenakili faili yangu ya fonts.conf kutoka tarakilishi ya zamani iliyokuwa na skrini ya bgr. Kila herufi ikavaa ukungu wa rangi, na 8 ndogo ikafanana na 3.

Dawa yake: fungua ~/.config/fontconfig/fonts.conf, badilisha bgr iwe rgb, weka hintstyle iwe hintslight, kisha funga programu na uifungue tena. Nikaongeza fonti za Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawa na za Arial, ili jedwali lake lisivurugike.

Wapo wanaosema Linux ina herufi mbaya kwa asili. Zamani kweli kulikuwa na kizuizi cha hataza, lakini zile za Apple zilizobana FreeType ziliisha 2010, na za ClearType zikaisha 2019. Siku hizi ukiona ukungu, kagua mipangilio kwanza.

Mama aliangalia skrini, akavua miwani, akaivaa tena. "Kumbe hazikuwa macho yangu."

Nimemrudishia pesa za miwani. Mkutano ujao atasoma hesabu mwenyewe. Nawe, mtu akikwambia haoni vizuri, keti kwenye kiti chake kabla hujamtuma kwa daktari.

Haya, tuonane wakati mwingine.