Herufi Moja Tu

Mwanetu wa pili alizaliwa mnono, nasi tukamshukuru Mungu. Alipofikisha miezi minane, viganja na nyayo zikamvimba, akawa analia usiku kucha. Zahanati tulikokwenda kwanza walitupa dawa ya malaria.

Nyumbani maneno yakaanza. Ukoo wa baba ulisema kwao ugonjwa huo haupo. Ukoo wa mama ukasema kuna mkono wa mtu. Sisi wawili tukaanza kulaumiana kimoyomoyo, hata sala ya jioni ikawa nzito midomoni.

Katika hospitali ya mkoa tulipimwa sote watatu. Mtoto alikuwa na selimundu. Daktari alitueleza kwamba urithi wa mtu umeandikwa mwilini kama kwa herufi, bilioni 3 hivi kutoka kwa kila mzazi. Katika selimundu iliyobadilika ni herufi moja tu. Baba alikuwa nayo, mama alikuwa nayo, wote wazima. Lakini katika kila mimba yetu, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kwa nne. Tulitazamana. Hapakuwa na wa kulaumiwa wala wa kuendewa kwa mganga.

Kisha tukaombwa damu kidogo ya mtoto kwa utafiti. Tuliogopa, tukauliza maswali mengi. Muuguzi alitujibu kwa upole. Herufi hizo hazisomeki kwa macho, hivyo kompyuta huzilinganisha za maelfu ya watu. Elimu hiyo huitwa bayoinfomatiki. Kila mtoto huzaliwa na hemoglobini ya kichanga, ambayo haiziharibu chembe za damu. Ndiyo maana mwanetu alikuwa mzima miezi ile ya kwanza. Wako watu wanaobaki nayo nyingi hata ukubwani, nao huumwa kidogo. Kwa kulinganisha herufi za watu wengi, watafiti walitambua, kufikia mwaka 2008, jeni inayoizima. Jina lake ni BCL11A.

Siku hiyo hiyo mwanetu alianzishiwa haidroksiurea, dawa ya kumeza inayoiongeza hemoglobini hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018, wa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Tukawafikiria akina mama wale wasiotujua, waliokubali watoto wao wachunguzwe. Tukaweka sahihi.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba inayoigusa jeni ile, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Marekani bei yake yapita dola milioni 2. Hatuna fedha hizo, lakini twaomba ishuke kabla mwanetu hajakua.

Wanafunzi walipomwuliza Yesu nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, hakumlaumu yeye wala wazazi wake. Nasi tusilaumiane. Mtoto akivimba viganja na nyayo, mpelekeni hospitali apimwe damu. Vijana wetu nao wapime kabla ya ndoa.

Mwanetu sasa yuko chekechea. Jioni humeza dawa yake, kisha husali kabla yetu.