Mizunguko Mitatu ya Mwisho

Jumapili ya tarehe 24 Aprili 2005, siku ileile Papa Benedikto XVI alipoadhimisha Misa ya kuanza utume wake, nilikuwa Leeds, Uingereza, nimeketi sebuleni kwa kaka yangu mkubwa tukitazama mbio za magari katika televisheni. Nilikuwa mgeni wa parokia rafiki kwa majuma matatu, na majuma hayo yalikuwa yanakwisha. Ndani ya mfuko wa koti langu mlikuwa na kaseti moja yenye sauti ya baba yetu, niliyoirekodi mwenyewe uani kwetu Bukavu kabla ya safari. Nilikuwa bado sijaitoa.

Mniwie radhi, ndugu wasomaji, nieleze kwanza sababu. Kaka aliondoka nyumbani mwaka 1998, baada ya kuuza kiwanja cha baba bila kumwambia ili apate nauli. Tangu hapo wawili hao hawakusemezana. Mzee alipougua aliniita, akaniamuru nilete redio ya kaseti, akaongea kwa muda wa dakika nane pasipo kusita. Niliyotumwa yalikuwa mepesi: kuifikisha kaseti kwa mwanawe. Lakini mimi nilitaka kwanza kupata saa inayofaa. Siku ya kwanza kaka alikuwa amechoka na kazi. Siku ya pili walikuja wageni. Siku nyingine alikuwa na furaha, nami nikaona vibaya kumharibia. Hivyo kaseti ikahama kutoka begini hadi kotini, na huko ikakaa.

Kaka alikuwa fundi wa gereji kule Kadutu, na mapenzi yake kwa mbio za magari yalianzia masikioni. Aliweza kufumba macho na kusema dereva amebadili gia mara ngapi. Yeye ndiye aliyenifafanulia jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Mpira wa miguu una dakika 45, kisha wachezaji wanakwenda kupumzika, na wenye bidhaa wanapata nafasi yao. Mbio za Formula 1 hazina mapumziko. Tangu taa zizimike mpaka bendera ya mirabamraba, magari hayamngoji mtu. Kwa hiyo kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara hakina budi kuukata mchezo ungali unaendelea. BBC, ambayo huendeshwa kwa ada wanayolipa wenye televisheni, ilionyesha mbio hizo bila kuzikata hadi mwaka 1996. Kuanzia mwaka 1997 zikawa za ITV, kituo cha biashara, na Waingereza wakajifunza kuona gari, kisha sabuni, kisha gari tena.

Mimi nilisomea ualimu, na jambo hilo lilinigusa kama mwalimu. Tulifundishwa chuoni kwamba anayesoma kwa sauti hupumzika penye nukta au mkato, pale maana inapokuwa imekamilika, wala si pale pumzi inapomwishia. Mwenye kuongoza matangazo ya mbio hutafuta nukta hiyo katika maandishi yasiyo na nukta. Hutazama magari yakiachana, aliye mbele akiwa hana wa kumsumbua, naye akasema moyoni: sasa. Pengine hupatia. Pengine, mara tu sabuni inapoanza, gari huacha njia na kugonga ukuta.

Siku hiyo walikuwa wakishindana Imola, Italia, mizunguko 62. Fernando Alonso wa Renault aliongoza. Michael Schumacher, aliyeanza katikati ya msururu, alipanda gari moja baada ya jingine, hata akawa nyuma kabisa ya Alonso. Ferrari yake ilikuwa na kasi zaidi, lakini njia ya Imola ni nyembamba, na Alonso aliziba kila upenyo. Mzunguko baada ya mzunguko magari mawili yalikwenda kama yamefungwa kamba moja. Kaka alikuwa amesimama. Chai yake ilipoa.

Kila matangazo yalipoingia mapema alasiri ile, alipunguza sauti na kwenda jikoni kuwasha birika, nami nilijiambia, akirudi nitasema. Alirudi, magari yakarudi, nikanyamaza. Nilijihesabia kwamba bado kutakuwa na nafasi nyingine.

Kisha, mizunguko mitatu ikiwa imesalia, Schumacher akiwa karibu kumgusa mwenzake, picha ikakatika, matangazo ya biashara yakaingia.

Kaka alipiga kelele ambayo jirani lazima aliisikia. “Sasa? Hawakuona pengine pa kukata?” Mimi, ambaye mbio hizo hazikunihusu sana, nilishikwa na huruma kwa mtu yule nisiyemjua aliyebonyeza kitufe. Nilimwona kama ninavyojiona: anasubiri kidogo, magari hayaachani, anasubiri tena, hadi zikabaki dakika zile tu ambazo hakupaswa kuzigusa. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya siku tatu mbele.

Nikaitoa kaseti. “Kaka, hii ni sauti ya baba.”

Akaitazama, akaitazama televisheni, akanitazama. “Ameisema lini?”

“Mwezi uliopita.”

“Na wewe umefika hapa lini?”

Sikujibu, kwa maana alijua. Tulirudishwa Imola mbio zikiwa karibu kwisha. Alonso alimaliza kwanza, Schumacher nyuma yake kwa sekunde 0.215; hesabu hiyo niliisoma kesho yake katika gazeti. Kaka hakuona. Alikuwa ameingia jikoni ilikokuwa redio yake, akafunga mlango.

Watazamaji wengi walilalamika. ITV iliomba radhi, na Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, iliamua kwamba kanuni ya kuweka matangazo ilikuwa imevunjwa. Mwaka 2009 mbio zikarudi BBC, bila matangazo ya biashara. Marekani walipata njia nyingine: mwaka huohuo wa 2005 mbio za IndyCar zilianza kuonyeshwa katika kisanduku kimoja na tangazo katika kingine, kando kwa kando, ili anayetaka mbio asikose kitu. Kaka aliponieleza hayo kwa simu baadaye, alicheka, akasema hiyo ingenifaa mimi.

Jioni ile ya Aprili alitoka jikoni macho yamemvimba, akaniomba namba ya simu ya nyumbani. Usiku huohuo baba aliisikia sauti ya mwanawe kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Wakakubaliana kuzungumza kila Jumapili, nao wakatimiza. Baba alifariki siku chache baada ya Jumapili ya tarehe 5 Juni. Walikuwa wamezungumza Jumapili saba. Kaka hajanikasirikia, lakini alihesabu, wala hakunificha hesabu yake: zingekuwa tisa.