Mtambo Usiokula Kuni

Kila mtambo una chakula chake. Gari la moshi la zamani lilikula kuni na makaa, motakaa hunywa petroli, na ngamia azungushaye kinu cha kushindikia mafuta hana budi kulishwa. Asipolishwa, kinu husimama. Kwa hiyo tangu kale wamekuwako watu waliowaza hivi: Je, haiwezekani kufanya gurudumu ambalo likisha kuanza kuzunguka halisimami tena, wala halitaki kuni, wala maji, wala upepo?

Wengi wao hawakuwa wataalamu. Walikuwa maseremala, wahunzi na mafundi wa saa, waliokaa usiku kwenye mwanga wa taa baada ya kazi yao ya mchana. Wengi walikuwa wakweli kabisa, nao walimaliza fedha zao na miaka yao katika kutafuta. Mwaka 1775 chama cha wataalamu wa sayansi huko Paris, katika Ufaransa, kilitangaza kwamba hakitapima tena mtambo wo wote wa namna hiyo, kikasema kwamba kazi hiyo imekwisha kufilisi zaidi ya jamaa moja. Mtoto achezaye pia aweza kuifahamu sababu. Pia huzunguka vizuri, kisha hulegea, huyumba, na kuanguka. Ile nguvu aliyoitia kwa kamba imekwisha kwa kusuguana na ardhi na hewa. Gurudumu nalo halina nguvu ila ile iliyotiwa ndani yake.

Basi katika mwaka 1812 alitokea mtu mmoja katika mji wa Philadelphia, Marekani, jina lake Charles Redheffer. Alikuwa na mtambo uliozunguka mchana kutwa pasipo chakula. Juu yake mliwekwa vitu vizito katika mteremko, naye akasema uzito wao ndio uusukumao. Gurudumu lake kubwa lenye meno lilishikana na gurudumu dogo, na hilo dogo likaendesha chombo kingine. Watu wakaja kwa makundi, wakatoa fedha ili wautazame. Redheffer akawaomba wakubwa wa serikali wampe fedha afanye mwingine mkubwa zaidi. Wakatumwa watu wa kuupima, mwezi wa Januari 1813.

Walipofika waliukuta mlango umefungwa, ikawapasa kutazama kwa dirisha lenye vyuma. Mmoja wao, Nathan Sellers, alifuatana na mwanawe Coleman. Wengine walitazama jinsi mtambo unavyozunguka, bali Coleman alitazama meno. Jino lisukumalo huchakaa upande wa mbele, na jino lisukumwalo huchakaa upande wa nyuma. Meno yale yalikuwa yamechakaa upande usiopasa! Basi si gurudumu kubwa lililoendesha dogo. Dogo ndilo lililoendesha kubwa, na nguvu ilitoka mahali pengine palipofichwa.

Sellers hakupiga kelele. Alimwendea Isaiah Lukens, fundi stadi wa saa, akamwomba afanye mtambo mfano wa ule, na ndani yake afiche kamani ya saa. Ulipokwisha, Redheffer alionyeshwa. Na hapa pana jambo la ajabu kuliko yote: husimuliwa kwamba Redheffer, aliyejua vema kuwa wake ni wa uongo, aliuamini huu kuwa wa kweli, hata akataka kwa siri kutoa fedha ili apate fungu katika siri yake. Aliyewadanganya watu kwa tamaa ile alikuwa nayo yeye mwenyewe.

Akauhamisha mtambo wake mpaka New York, na watu wakaja tena. Siku moja akaja Robert Fulton, yule ambaye mwaka 1807 merikebu yake ya moshi ilikwenda kutoka New York mpaka Albany, mwendo wa maili 150, kwa saa 32, ikila kuni njia nzima. Fulton alisimama akasikiliza. Mlio haukuwa sawasawa. Mara ulikwenda upesi, mara polepole, kama wa kitu kizungushwacho kwa mkono wa mtu. Akamwambia Redheffer mbele ya watu wote kwamba ni mdanganyifu. Kisha akaving'oa vibao vilivyounganisha mtambo na ukuta, na tazama, ndani yake mlipita ukanda mwembamba wa utumbo wa mnyama. Wakaufuata ukanda ule mpaka chumba cha juu, chini ya paa.

Humo, yasimuliwa, walimkuta mzee mwenye ndevu nyingi ameketi peke yake. Mkono mmoja ulikuwa ukizungusha mpini, na mkono wa pili umeshika kipande cha mkate mkavu, anautafuna.

Watu walikasirika, wakauvunja mtambo vipande vipande, naye Redheffer akakimbia. Jina la mzee yule halimo katika habari hizi.